Binti wa Miaka Minane na Bibi Yake: Kiswahili Bora na Kiswahili Chetu Lubumbashi

Mdogo wangu alinionyesha daftari la binti yake, mwanafunzi wa darasa la pili katika shule moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Watoto waliambiwa waandike sentensi mbili juu ya watu wa nyumbani. Binti akaandika: "Mama yangu iko ku soko. Nkambo banalala." Kalamu nyekundu ikapita juu ya zote mbili, na mwalimu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, akaandika chini yake: "Mama yangu yupo sokoni. Bibi amelala." Alama ni sufuri kwa mbili. Kisha neno moja, likapigiwa mstari: "Kibovu."

Baba yake alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa msomaji wa Mwanza au Mombasa inabidi nieleze. Hapa kwetu nkambo ni mzazi wa mzazi wako, na bibi ni mke. Kwa hiyo, kwa masikio ya Katuba, mwalimu amemfanya binti wa miaka minane atangaze kwamba mke wake amelala. "Bibi yako analala?" baba akamuuliza. "Uliowa siku gani?"

Kicheko kilipokwisha nilibaki na lile daftari mkononi, na kadiri nilivyolitazama ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kosa halikuwa pale lilipopigiwa mstari.

Mjadala wenyewe ni wa zamani, ila umepata moto tangu nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ipokewe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO imeitenga kwa ajili ya Kiswahili, husimama watu wa kutuambia kwamba tumebahatika kuwa na lugha ya watu zaidi ya milioni 200 na sisi tunaichezea. Wanataka Kiswahili bora. Ndivyo tunavyokiita hapa kile ambacho wengine wanakiita sanifu, na jina lenyewe limeshakata kesi kabla shahidi hajasimama. Wanataka hicho bora kiingie shuleni, redioni na ofisini, na hiki chetu kibaki jikoni mpaka kitakapojifia. Upande wa pili hauna jina wala mkutano. Ni watu wanaosema tu, asubuhi mpaka usiku, kutoka Kamalondo hadi Ruashi, na wakiulizwa lugha yao ni ipi wanajibu kwa aibu kidogo: "Kiswahili, lakini ile yetu."

Hoja za wenye bora ni nzito na sitaki kuzipita haraka. Bora ina kamusi, ina vitabu, ina tahajia moja kutoka Lamu hadi Kigoma. Mfanyabiashara wa hapa ambaye kontena lake linashukia bandari ya Dar es Salaam anaihitaji kila siku, na hawezi kumwambia karani wa forodha "sisi kwetu tunasema hivi." Mtoto anayeijua bora anaweza kusoma habari za kilimo, za afya, za sheria, bila kupitia mlango wa Kifaransa ambao wazazi wake hawakufunguliwa. Na hapo ndipo ilipo hoja yao kubwa kuliko zote. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, lakini mtihani wa taifa ni wa Kifaransa, hukumu ya mahakama ni ya Kifaransa, mkataba wa mgodi ni wa Kifaransa. Siku Kifaransa kitakaposogea kitini, wanasema, hakitaipisha lugha ambayo watu wake hawajakubaliana namna ya kuiandika. Hoja hii inanisumbua, na nitairudia.

Halafu wanaleta hoja ya kuelewana, na hapa naomba tusimame kidogo, maana mimi mwenyewe nina ushahidi wao. Nilikuwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, pale ambapo malori yanapanga foleni. Dereva mmoja Mtanzania alikuwa amebebewa mizigo na kijana wa hapa. Kazi ilipokwisha kijana akasema kwa adabu zote: "Mukubwa, tosha makuta." Dereva akatabasamu. "Zimetosha? Haya, asante sana mdogo wangu," akapanda lori. Kijana akabaki mdomo wazi, kisha akaanza kukimbia ubavuni mwa gari akigonga mlango.

Makuta ni hela. Ilikuwa sehemu ya mia ya zaire, ile fedha iliyoanza 1967. Sarafu ilikufa, neno likabaki. Na kutosha, kwetu, ni kufanya kitu kitoke: unatosha viatu, unatosha mtoto ndani ya maji, unatosha hela mfukoni. Kijana alidai malipo yake, dereva akasikia kwamba hela zilizokwisha kutolewa zinatosheleza. Mwenye bora akisikia kisa hiki anapiga meza: mnaona? Mtu anakosa ujira kwa sababu ya lugha mbovu.

Sasa tazama lile neno lenyewe. Katika Kiswahili chochote, cha pwani au cha mgodini, moto ukiwaka kwa sababu yangu nimeuwasha. Mtoto akianguka kwa sababu yangu nimemwangusha. Ndege akiruka kwa sababu yangu nimemrusha, mtu akikumbuka kwa sababu yangu nimemkumbusha. Waka, washa, anguka, angusha, ruka, rusha, kumbuka, kumbusha. Na toka? Kwa kanuni hiyo hiyo jibu ni moja tu, tosha. Mtoto wa Kamalondo amefuata njia iliyonyooka. Ni pwani iliyopinda ikasema "toa," kwa sababu zake nzuri za kihistoria, na ikaiacha "tosha" ifanye kazi nyingine. Na kazi hiyo nyingine sisi tunamwachia kuenea. Chakula ikifika kwa watu wote, inaenea. Hakuna shimo popote. Kila maana ina neno lake, kila neno lina nafasi yake, isipokuwa vyumba vimepangwa tofauti.

Kwa hiyo kisa cha Kasumbalesa kinathibitisha jambo moja: kwamba watu wa nyumba mbili wakikutana wanahitaji kuzoeana. Hakithibitishi kwamba nyumba moja imebomoka. Dereva naye hakujua lugha ya mahali alipo, lakini hakuna aliyemwita mbovu. Gharama ya kutoelewana ililipwa na mmoja tu, tena yule aliyekuwa kwao.

Turudi kwenye daftari. "Mama yangu iko ku soko." Kosa la kwanza, kwa mwalimu, ni "iko" badala ya "yupo." Kosa la pili ni "ku soko" badala ya "sokoni." Lakini Kiswahili chetu kinazo ku, mu na pa, tatu, na hazichanganywi. Ku soko ni huko upande wa sokoni, mbali na mimi ninayesema. Mu soko ni ndani yake, katikati ya meza na watu. Pa ni hapo juu ya kitu au mahali penyewe ninapopaonyesha: kitabu iko pa meza. Mgeni akisema kitabu iko mu meza, watoto wa Kenya watamcheka (nasema Kenya yetu, komini, yaani sehemu ya mji, iliyo karibu na Kamalondo). Wanacheka kwa sababu kuna kanuni na mgeni ameivunja. Lugha isiyo na kanuni hakuna anayeweza kuikosea.

Bora inazo tofauti hizo hizo, ila imezihamishia kwingine: yuko, yumo, yupo. Mtoto alisema ku soko, yaani huko, mbali. Tafsiri yake kwa bora ni "yuko sokoni." Mwalimu akaandika "yupo." Sitaki kumdhihaki, madarasa ya hapa yana watoto wengi na mishahara ya walimu inajulikana. Lakini kwa kipimo cha bora yenyewe, yule binti alikuwa karibu zaidi na usahihi kuliko masahihisho yake.

Na nkambo? Nkambo ni mmoja, kitenzi ni cha wengi: "banalala." Mwalimu aliona hesabu isiyolingana. Mtu yeyote aliyelelewa hapa, mahali ambapo Kibemba na lugha za jirani zimeingia mpaka kwenye uti wa mgongo wa usemi wetu, anajua kwamba mkubwa anahesabiwa wengi. Mtoto mdogo analala. Nkambo banalala. "Bibi amelala" ni sentensi safi kabisa, na imemlaza yule mzee kama mtoto. Katika bora heshima hiyo ina njia zake, shikamoo na nyingine, lakini haimo ndani ya kitenzi. Binti aliitia ndani ya kitenzi bila kufundishwa, akapewa sufuri.

Juu ya hiyo ba nisikae sana. Wanaotucheka kwa kusema batu na batoto wakumbuke tu kwamba mtaalamu wa Kijerumani Wilhelm Bleek, karne ya 19, alipotafuta jina la familia yetu nzima ya lugha aliita Bantu. Ba. Wa ya pwani ni ya mdogo wa ukoo.

Kuna kingine ambacho nikiulizwa nitakipigania mpaka mwisho, nacho ni ile ak ndogo tunayoipachika mwishoni mwa kitenzi. Banalimaka: wanalima, ndiyo desturi yao. Bora inasema "hulima," na ukisikia hulima peke yake hujui ni mimi, wewe au wao. Tena ukiipeleka ak wakati uliopita inafanya jambo ambalo sijapata njia ya kulisema kwa bora kwa neno moja. Alikuwa ni juzi au mwaka jana. Alikuwaka ni enzi zile, dunia nyingine, mlango uliokwisha kufungwa. Na wala haikuanzia kwetu. Nenda Mwanza usikilize watu mtaani: anaendaga, nafanyaga. Ni kiungo kile kile cha kale cha Kibantu, ambacho vitabu vya sarufi sanifu vimekiacha nje na midomo ya watu haikukiacha.

Msomaji anajua namna mji ulivyoanza: reli kutoka kusini ilifika 1910, Union Minière, kampuni ya migodi, ilikuwa imeundwa miaka minne kabla, na shaba ilitaka mikono. Mikono ikatoka Rodesia ya Kaskazini, kisha Kasai, Lomami, Maniema, Ruanda na Urundi. Wabelgiji, wakihofia ushawishi wa Waingereza waliokuwa kusini, waliona Kiswahili kinawafaa kuliko Kiingereza cha machimboni. Katika miaka hiyo hiyo, mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha Afrika Mashariki ya Waingereza, na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Washairi wa Mombasa na Lamu, wenye utenzi wa karne nyingi, nao waliambiwa kwamba lahaja zao si kipimo tena. Kwa hiyo bora na hiki chetu ni watu wa rika moja. Usanifishaji ulifanyika kwenye meza ya kamati, na sisi tukatengenezewa yetu kambini, na watu waliokuwa wamechoka. Nani kati ya hao wawili ni mtoto wa halali, mimi sijui kwa nini swali hilo liulizwe.

Na ni lugha iliyowashinda wanasiasa. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, jimbo letu wakati ule, wakasongamana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakisubiri treni. Walioondoka waliacha maneno yao na lafudhi yao ndani ya vinywa vya waliowafukuza. Hayakuweza kupakiwa.

Lakini haki ni haki. Kuna jambo ambalo wenye bora wanalisema na ni kweli: Kiswahili cha mgodini kilikuwa pia Kiswahili cha amri. Mzungu alijifunza maneno ya kumtosha kutuma boi, kuita kapita, yaani mnyapara, na kutukana. Anayesema kwamba lugha hii ilizaliwa katika uhuru anajidanganya.

Jibu langu kwa hilo lipo kwenye karatasi. Mwaka 1965 watu waliokuwa maboi katika nyumba za Wazungu waliandika historia ya mji wao. Iliandikwa na mmoja wao, André Yav, kwa niaba ya wenzake, ikapigwa taipu kwa Kiswahili cha hapa, ikaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) ingawa si orodha ya maneno hata kidogo. Ni simulizi ya mji kutoka jikoni: nani alikuja, nani alipigwa, nani alimzika nani. Watu ambao kazi yao ilikuwa kujibu "ndiyo bwana" waliichukua lugha ile ile ya "ndiyo bwana" na kumhesabia bwana siku zake. Hakuna shule iliyowafundisha namna. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha 1990, na anaeleza taabu aliyoipata: maneno yameungana mahali pasipostahili, yamekatika mahali pasipostahili, irabu zinatangatanga. Kwa macho, kurasa nyingine hazisomeki. Ilibidi mtu wa Lubumbashi azisome kwa sauti. Alipozisoma, maana ikatoka nzima.

Nimekaa na kisa hicho kwa miaka. Mwenye bora anakichukua na kusema: hiyo ndiyo adhabu ya kukosa tahajia, historia ya watu wenu inahitaji mtu wa kuitoa pepo kabla haijasomeka. Naye anasema kweli. Lakini angalia ni nini kilichokosekana. Sarufi ilikuwepo, kwa sababu sikio liliitambua mara moja. Maneno yalikuwepo. Ghadhabu, mzaha, kumbukumbu, vyote vilikuwepo. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya wapi neno linaanza na wapi linaishia, kazi ambayo kundi la walimu wenye subira lingeweza kuianza hapa hapa mjini. Ukikuta nyumba imara haina namba ya mlango, huibomoi. Unaiandikia namba.

Sasa nigeuke dhidi yangu mwenyewe, maana kuna mahali Kiswahili chetu kinatufunga.

"Kazi njo baba, kazi njo mama." Yaani kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Kila mtu aliyekulia katika kambi za Union Minière, baadaye Gécamines, ameusikia usemi huo, wengine wakitaja kampuni yenyewe mahali pa kazi. Haukuwa mzaha. Kazi ilitoa nyumba, posho ya kila juma, hospitali, shule ya watoto, mpira wa Jumapili. Neno kazi lilinyonya yote hayo mpaka likavimba, na maana yake hapa ikawa moja: kuandikwa, kuwa na namba, kupokea mshahara. Kulima si kazi. Kuuza mikate si kazi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ambao uliitwa wa kuondoka kwa hiari, maneno mawili ambayo kila jirani yangu huyasema kwa Kifaransa, kana kwamba kuyaweka katika Kiswahili kungekuwa kuyakubali.

Mmoja wa majirani hao alikuwa fundi wa tanuru. Sasa anauza makala, yaani makaa. Anaamka saa kumi ya usiku, anaifuata makala kwenye njia ya Kasenga, jioni anarudi uso mweusi. Ukimuuliza habari ya maisha, anakujibu: "Nilikuwaka na kazi." Sikiliza ile ak. Angesema kwa bora, "nilikuwa na kazi," ningeweza kufikiri amefukuzwa juzi na atapata nyingine mwezi ujao. Nilikuwaka imeufunga mlango na kuutupa ufunguo. Sarufi moja tu imebeba miaka ishirini na kitu ya huzuni ya mji mzima.

Lakini ndani ya sentensi hiyo hiyo kuna dhuluma. Mke wake anauza mikate mbele ya mlango tangu kabla ya 2003, na ni mikate hiyo iliyolipa ada za watoto wakati posho imekwisha. Muulize, atasema hana kazi. Watoto wake wanasema mama hana kazi. Kampuni ilikwenda na nyumba zake, ikaacha kamusi yake vichwani mwetu, na kwa kamusi hiyo nusu ya mji haifanyi chochote. Bora, ambayo ndani yake kazi ni kila kitu kinachotoa jasho, ingemtendea haki mwanamke huyo kuliko tunavyomtendea sisi. Hili nalikubali bila kinyongo. Ila nauliza: nani atamwambia? Mwenye kumsahihisha ba yake kwanza, au mwenye kukaa naye pale mlangoni na kulipanua neno kutoka ndani?

Wako wanaodhani maneno ya bora yakishaingia ofisini, mwananchi ameshafunguliwa. Chukua sheria ya madini iliyorekebishwa 2018. Inasema 15% ya kile kinacholipwa serikalini kwa kila shaba na kobalti inayouzwa iende kwa komini, sekta au sheferi yenye mgodi. Kwenye mikutano wanakiita kwa Kifaransa, redevanse, na wazee wanaitikia kwa vichwa. Bora inalo neno zuri, mrabaha. Nimelijaribu kwa watu watano Ruashi. Hakuna aliyelijua, na mmoja akadhani ni aina ya dua. Nikasema "makuta ya udongo wetu," wote watano wakaanza kuuliza iko wapi. Mrabaha ufundishwe, mimi niko tayari kuufundisha, lakini neno linalofika kwanza ni lile linaloanzia pale mtu alipo.

Msomaji atakuwa ameshaona kwamba naandika haya yote kwa bora. Ndiyo. Niliipata kwenye katekisimu na redio, na naipenda. Bila hiyo usingenisoma ukiwa Tanga. Sijaona bado kwa nini kuipenda kunidai nimwite mama yangu mbovu.

Ndiyo maana kinachonisumbua zaidi kwenye daftari lile si sufuri, ni kilichofuata. Siku chache baadaye nkambo alimwambia binti amletee mayi ya kunywa. Binti akajibu: "Si mayi, nkambo. Ni maji." Mzee akamtazama. "Weye njo ulinizala?" Watu wakacheka tena, lakini binti hakucheka. Tangu hapo, nkambo akimsemesha anajibu kwa Kifaransa kifupi cha shuleni, oui, non, merci, au hajibu kabisa. Na nimeliona kwa jirani, nimeliona kwa watoto wa rafiki zangu wa Kampemba. Mtoto akiambiwa Kiswahili chake ni kibovu hakimbilii bora, kwa sababu bora hana wa kuzungumza naye. Anakimbilia Kifaransa. Kifaransa kina televisheni, kina vyeo, na hakuna anayekiita kibovu mbele ya mtoto hata kikiwa kibovu kweli. Wenye bora wanadhani wanapigana na sisi, kumbe kila kalamu nyekundu wanayoinyanyua inampelekea mwanafunzi mtu wa tatu.

Mwalimu angeandika sentensi zote mbili ubaoni, "Nkambo banalala" upande huu na "Bibi amelala" upande ule, akawauliza watoto wamesikia tofauti gani, angepata somo la sarufi la saa nzima na kicheko juu yake, bila kumwaga tone la wino mwekundu. Watoto wa miaka minane wangempa jibu la heshima kabla ya kengele. Baadaye, darasa la nne au la tano, wangeingia katika bora kama mtu anayeingia kwa shangazi, akijua kwao ni wapi.

Kwa hilo nasi tunalo deni letu, na sitalifunika. Mwalimu akikubali leo, ataandika nini upande wetu wa ubao? Mimi hapa nimeandika njo. Mdogo wangu, aliyesoma rasimu hii kabla yenu, ameniwekea d kila mahali: ndjo. Kwenye ukuta wa duka lililo mbele yetu, Kenya, mwenye duka ameandika ndio, na kila mpita njia anaisoma njo.